Saa 24 za kusubiri hazimo kwenye sheria: polisi hufanya nini ukiripoti mtu amepotea

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mtu akipotea, polisi hawapokei ripoti mpaka saa 24 ziishe. Imani hii imeota mizizi hivi kwamba familia nyingi hujizuia zenyewe. Mzee hajarudi tangu asubuhi, simu yake haipatikani, na watu wamekaa sebuleni wakihesabu saa ili wasije wakafukuzwa kituoni. Wapo pia waliofika kituoni mapema na afisa wa zamu akawaambia hayo hayo: nendeni nyumbani, asiporudi kesho mje.

Nchini Kenya hakuna sheria inayosema hivyo. Ukizitafuta saa 24 utazikuta kwenye Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010, na hapo anayebanwa ni polisi, si raia. Mtu aliyekamatwa sharti afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya kazi inayofuata ikiwa muda huo umeangukia wikendi au sikukuu. Kwa hiyo wewe unaweza kuripoti dakika ile unapoona mambo hayaendi sawa, hata kama ni saa mbili tu tangu mtu atarajiwe.

Kwa nini basi uambiwe usubiri? Sababu moja si ya kijinga hata kidogo. Wengi wanaoripotiwa kupotea hurudi wenyewe. Uingereza, ambako hesabu hizi hutunzwa vizuri, watu takriban 170,000 huripotiwa kila mwaka na wengi wao hupatikana upesi, mara nyingi kabla siku haijaisha. Afisa wa kituo chochote cha kwetu analijua hilo bila takwimu: kijana alilala kwa rafiki, mume alizima simu kwa makusudi, binti ameenda kwa shangazi baada ya kugombezwa. Akibashiri kwamba mtu wako atarudi, mara nyingi atakuwa amebashiri sawa.

Tatizo ni wale wachache ambao hawatarudi wenyewe, maana kwao saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington, Marekani, ilichunguza kesi za watoto waliotekwa na kuuawa, ikakuta takriban robo tatu waliuawa ndani ya saa tatu za kwanza. Wamarekani walikuwa wameshapitisha sheria ya shirikisho mwaka 1990 inayokataza polisi kuweka muda wowote wa kusubiri kabla ya kupokea ripoti ya mtoto. Ubashiri wa afisa unaweza kuwa sahihi mara tisa na wa kumi ukamgharimu mtu maisha, na yeye mezani hana njia ya kujua kama wewe ndiwe wa kumi, isipokuwa kwa maneno utakayomwambia.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ripoti ya mtu aliyepotea si ripoti ya uhalifu, angalau mwanzoni. Ukiibiwa pikipiki, kosa limeshatendeka na kila mtu anajua jina lake. Mtu asipoonekana, afisa analazimika kuamua kwanza ni kitu gani kimetokea: ameondoka kwa hiari, amepatwa na ajali au ugonjwa, amechukuliwa na mtu, au, jambo ambalo halitamkwi mezani, ameshikwa na maafisa wenzake. Kila jibu lina njia yake. La kwanza huishia kwenye maandishi. La pili huelekea hospitalini. La tatu huwafikia wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai. La nne nitalirudia baadaye, kwa sababu lina mlango wake peke yake.

Polisi wa Uingereza wana mwongozo ulioandikwa wa kupima kiwango cha hatari, na kiwango hicho ndicho huamua ni askari wangapi watatoka na kwa haraka gani. Kwetu upimaji huo hutegemea zaidi jicho la aliye zamu, shughuli za usiku huo na kama gari la kituo lina mafuta. Ukimwambia afisa "mama hajarudi", umemkabidhi habari ambayo ameisikia mara elfu. Ukimwambia mama ana miaka 71, amekuwa akisahau majina ya wajukuu, dawa zake za presha ziko mezani hazijaguswa na hajawahi kulala nje ya nyumba, umemtoa kwenye kundi la walioondoka na kumweka kwenye kundi la walio hatarini. Habari ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa afisa ana kitu cha kuandika ambacho mkubwa wake akikisoma kesho atauliza hatua gani ilichukuliwa.

Na kuandika ndiko kazi yote inakoanzia. Kila kituo cha Kenya kina kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB. Ni daftari kubwa, na kila tukio linaloingia hupewa namba kwa mfuatano. Namba kama 37/14/5/2025 ina maana kwamba ni tukio la 37 kuandikwa siku hiyo, tarehe 14 Mei 2025. Usiondoke bila namba hiyo, na uiandike pamoja na jina la afisa aliyekuhudumia. Haitozwi pesa. Watanzania wanayo yao, wanaiita RB, na ushauri ni huo huo. Bila namba, ulichofanya ni mazungumzo tu na mtu aliyevaa sare. Zamu ikibadilika, aliyeingia hana habari nawe.

Ukiambiwa kituo hiki si chako, nenda kule alikoonekana mwisho, omba kwa adabu iandikwe kwanza hapo, kisha wao wawasiliane na wenzao. Afisa akikataa kabisa kuandika, muulizie OCS, yaani mkuu wa kituo. Si lazima upige kelele. Mara nyingi kutaja tu kwamba ungependa kumwona OCS hufanya kalamu ipatikane.

Nenda na picha ya karibuni, iwe ya sura ya kawaida, si ile ya harusi ya miaka minane iliyopita akiwa amepambwa. Kumbuka nguo, hasa viatu, maana shati hubadilishwa lakini viatu mtu huondoka navyo. Taja makovu, meno yaliyong'oka, namba ya kitambulisho, laini zote za simu anazotumia, dawa anazomeza. Hapa familia hufanya jambo linaloeleweka lakini linalogharimu: huficha. Wanaona aibu kusema kwamba kulikuwa na ugomvi usiku, kwamba jamaa anadaiwa pesa na watu wabaya, kwamba alishawahi kujaribu kujiua, kwamba alikuwa na mpenzi Ruiru ambaye mkewe hamjui. Mpelelezi atakuja kuyajua hayo yote wiki ya pili, wakati hayana faida tena. Kama kuna mambo ambayo huwezi kuyasema mbele ya foleni ya watu, omba chumba.

Kwa mtoto mambo ni mepesi zaidi kisheria, na hakuna afisa anayeweza kukwambia kwamba mtoto wa miaka sita ameondoka kwa hiari. Mbali na kituo, ipo namba 116 ya kuwasaidia watoto, haitozwi, na lipo shirika la Missing Child Kenya ambalo tangu 2016 limekuwa likisambaza matangazo na kuunganisha familia na vituo. Umuhimu wa watu kama hao utauona ukielewa jinsi watoto wanavyopotelea ndani ya mfumo wenyewe. Mtoto wa miaka mitatu anapotea Kayole. Msamaria mwema anamkuta kwenye steji ya matatu mbali na hapo, anampeleka kituo cha karibu. Pale anaandikwa kama mtoto aliyeokotwa. Kwa sababu hajui jina la baba wala mtaa, anapelekwa makao ya watoto. Wakati huo huo mama yake ameandikisha mtoto aliyepotea kwenye kituo kingine. Vitabu viwili, kila kimoja kimesema kweli, na havisomani. Mpango wa kuhamishia OB kwenye kompyuta umezungumzwa kwa miaka mingi. Mpaka utakapofika kila kituo, anayeunganisha vitabu hivyo ni mzazi anayetembea kwa miguu kutoka kituo hadi kituo, au mtu aliyeona picha kwenye WhatsApp.

Kwa mtu mzima, wapelelezi wakishakubali kwamba kuna jambo, macho huenda kwenye simu. Watu wana picha ya sinema kuhusu hili. Wanadhani afisa anabonyeza kitufe na nukta nyekundu inaonekana kwenye ramani. Kwa kawaida mpelelezi huomba amri ya mahakama, kisha kampuni ya simu humpa rekodi: namba zilizopigwa, muda, na mnara uliobeba kila mawasiliano. Mnara hauonyeshi nyumba. Mjini, ambako minara imesongamana, unaweza kukuonyesha mtaa. Mashambani unaweza kukupa kilomita kadhaa za vichaka. Simu ikizimwa, kinachobaki ni mahali ilipokuwa mara ya mwisho. Hata hivyo rekodi hizo husema mengi. Nani alimpigia mwisho? Laini yake imewekwa kwenye simu nyingine? Kuna pesa iliyotolewa kwa wakala wa M-Pesa baada ya yeye kutoweka, na wakala huyo yuko wapi? Ndiyo sababu kuchelewa kunauma. Kamera za duka hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku chache, na wakala aliyehudumia watu mia hawezi kukumbuka sura ya wiki mbili zilizopita.

Wakati mpelelezi anasubiri karatasi za mahakama, familia nayo huzunguka. Mzunguko wa Nairobi unajulikana: vituo vya polisi, hospitali, mochari. Wanaouchukia mzunguko huo huiacha mochari iwe ya mwisho, na siwalaumu. Hospitalini usiulizie jina tu. Mtu aliyegongwa na pikipiki akaletwa amezimia, mifuko imeshapekuliwa na wezi, ameandikwa kama mwanamume asiyejulikana, na karani akitafuta jina ulilomtajia kwenye orodha atakwambia kwa moyo safi kwamba hayupo. Ulizia wagonjwa wasiojulikana walioletwa tangu tarehe fulani, na uombe kuwaona.

Mochari hali ni hiyo hiyo. Mwenye kitambulisho cha Kenya alichukuliwa alama za vidole alipotimiza miaka 18, kwa hiyo mwili wa mtu mzima ambao haujaharibika unaweza kutambuliwa kwa vidole hata kama hakuna jamaa aliyejitokeza. Lakini lazima mtu azichukue alama hizo na kuzipeleka. Hospitali kubwa hutangaza magazetini kwamba zina miili isiyo na wenyewe na kuwapa watu siku 7 waje, kisha huomba ruhusa ya mahakama kuizika kwa pamoja. Ninapoona matangazo hayo hujiuliza ni wangapi humo ambao mahali fulani wana OB ya mtu aliyepotea.

Shakahola ilituonyesha mfumo huu ukielemewa kabisa. Mwaka 2023, kwenye msitu huo wa Kaunti ya Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikuwa wamehamia, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, na dawati la Msalaba Mwekundu la kutafuta watu likaandikisha zaidi ya majina 600 ya waliotafutwa na jamaa zao. Miili mingi ilikuwa imeharibika, na mingine ilikuwa ya watoto ambao hawakuwahi kuchukuliwa alama za vidole, kwa hiyo ilibidi kutegemea vipimo vya DNA. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili mwishoni mwa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Mwezi huo huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, ilitoa ripoti iliyowalaumu vikali maafisa wa usalama wa Malindi kwa kuzembea wakati taarifa zilikuwa zimewafikia. Kwa maoni yangu, huu ndio mfano mchungu zaidi wa lile kundi la "ameondoka kwa hiari". Ni kweli watu wazima wale walikwenda kwa miguu yao kumfuata mhubiri huyo. Lakini mtu kwenda mahali kwa hiari hakuthibitishi kwamba yuko salama, wala hakuthibitishi kwamba watoto aliowabeba walichagua chochote.

Sasa ule mlango wa nne. Tarehe 23 Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi walitoweka baada ya kutoka mahakama ya Mavoko. Mteja huyo, mwendesha bodaboda, alikuwa amemlalamikia afisa wa polisi kwa kumpiga risasi. Kumbe walikuwa wamefungiwa kwenye kontena la kituo kidogo cha polisi cha Syokimau. Ujumbe ulioandikwa kwenye karatasi ya chooni ulitupwa nje ya kontena hilo na ukaokotwa. Baada ya wiki moja miili yao ilipatikana kwenye mto huko Ol Donyo Sabuk. Karatasi hiyo na rekodi za simu zikawa sehemu ya ushahidi. Mwaka 2022 maafisa watatu na mdokezi wao walipatikana na hatia, na Februari 2023 afisa mkuu kati yao akahukumiwa kifo. Wiki yote ile, watu watatu waliokuwa wakitafutwa walikuwa wamepitia mikononi mwa polisi, mahali ambapo hakuna kitabu kilichoandikwa majina yao.

Ukiwa na dalili kwamba aliyemchukua mtu wako ni afisa, kwa mfano majirani waliona gari la Subaru lisilo na namba na watu wenye bunduki na pingu, OB bado inahitajika lakini haitoshi. Njia ya sheria hapo ni ombi la habeas corpus, ambalo linaitaka serikali imlete mtu mahakamani, awe hai au la, au ieleze yuko wapi. Katiba imeiweka haki hiyo miongoni mwa chache zisizoweza kuwekewa mipaka. Nguvu yake ilionekana Septemba 2024, wakati watu watatu waliochukuliwa Kitengela mwezi mmoja kabla walikuwa hawajulikani waliko. Jaji Lawrence Mugambi alimwita kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli mara kadhaa, hakufika, akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama na kumpa siku saba za kujitokeza. Kabla siku hizo hazijaisha, watatu wale waliachiliwa. Polisi walikuwa wamekana kuwashikilia. Msomaji atajaza mwenyewe.

Haikuwa kesi pekee. Kufikia mwisho wa mwaka huo KNCHR ilikuwa imeorodhesha visa 82 vya watu kutekwa tangu maandamano ya Juni dhidi ya mswada wa fedha, na 29 kati yao walikuwa bado hawajapatikana. Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa dhidi ya kupotezwa kwa watu kwa nguvu mwaka 2007 lakini haijauridhia. Tanzania nayo ina majina ambayo hayajapata majibu, likiwemo la mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyechukuliwa Kibiti, mkoani Pwani, Novemba 2017. Malalamiko dhidi ya afisa mwenyewe, kwa Kenya, hupelekwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Haiwezi kuvunja mlango usiku wa leo, lakini faili yake haimo mikononi mwa kituo unachokishuku.

Kidogo kuhusu matangazo ya mitandaoni. Yanasaidia sana, na yanavuta fisi. Ukiweka namba yako ya kila siku chini ya picha, kesho asubuhi mtu atakupigia akisema yuko na ndugu yako, ametibiwa Kitale, tuma 8,000 za hospitali ili aachiliwe. Tumia laini nyingine kwa kazi hiyo, na uache habari moja nje ya tangazo, kovu au maandishi ya fulana, ili anayepiga umuulize. Usitume pesa kabla ya kusikia sauti. Mpigie mpelelezi wako kwanza, maana namba ya tapeli nayo ni ushahidi. Mtu akipatikana, ondoa tangazo. La mtoto hasa, kwa sababu picha yake itaendelea kuzunguka akiwa kidato cha pili.

Akipatikana, rudi pia kituoni waandike kwenye OB. Wengi husahau kwa furaha, na jina linabaki kwenye orodha ya wanaotafutwa. Akiwa ni mtu mzima mwenye akili timamu na hataki kurudi, polisi wa Uingereza huthibitisha tu kwamba yuko salama bila kuwaeleza jamaa alipo, na naona hiyo ni sawa hata kwetu, kwani wapo wanaokimbia nyumba ambazo hazirudiki.

Na asipopatikana? Faili haifungwi kisheria, ila hupoa. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinasema kwamba mtu ambaye kwa miaka 7 hajasikika kwa wale ambao wangepaswa kumsikia kama angekuwa hai, atachukuliwa kuwa amekufa, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Haitokei yenyewe. Familia huenda mahakamani na kuonyesha kwamba ilitafuta: lini waliripoti, kituo gani, matangazo gani walitoa, nani waliulizwa. Amri ikitolewa, ndipo wanaweza kushughulikia mirathi, akaunti ya benki na shamba lililosimama kwa jina lake. Kabla ya hapo mke anaweza kukaa miaka akilipa mkopo wa mume asiyejulikana aliko, huku yeye mwenyewe hawezi kuuza hata ng'ombe aliyeandikwa kwenye ushirika kwa jina la mume huyo.

Ikiwa uliambiwa usubiri na ripoti haikuandikwa siku ile, bado unaweza kwenda leo. Hata baada ya mwezi au mwaka, OB hufunguliwa, na kipindi cha kabla ya hapo kinaweza kuelezwa kwa hati ya kiapo na mashahidi.